Kijitabu cha michoro ya Dar es Salaam: cha kununua sasa na cha kusubiri

Mchoraji mmoja chipukizi wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka kadhaa kazi zake zilikuwa zikionekana kwenye simu tu, ameanza kuzichapa na kuziuza mwenyewe katika masoko ya sanaa ya mwisho wa wiki. Mezani pake kuna vitu vya aina tatu: kijitabu cha ukubwa wa A5 chenye kurasa 48, kwa shilingi 20,000, printi za ukutani, kwa shilingi 30,000 za A4 na shilingi 60,000 za A3, na kadi ndogo za shilingi 3,000 kila moja. Nilinunua kijitabu, printi moja ya kila ukubwa na kadi kadhaa, na tathmini hii inatokana na vitu hivyo nilivyovilipia mwenyewe. Jina la mchoraji silitaji kwa kuwa ndivyo alivyoomba: mchana ameajiriwa katika wakala wa matangazo, na hapendi michoro yake binafsi ichanganywe na ile anayomchorea mwajiri. Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda asihangaike: kijitabu kinafaa kununuliwa pamoja na kasoro zake, kadi zina thamani kupita bei yake, na printi za A3 ni vyema zisubiri toleo lijalo.

Tofauti kati ya kazi binafsi na kazi ya ofisini ndiyo inayokieleza kijitabu hiki kuliko jambo jingine lolote. Anayechora kwa ajili ya matangazo huchora familia inayotabasamu mbele ya sufuria, mfuko wa sabuni unaong'aa, mtoto anayekunywa maziwa. Mteja huurudisha mchoro, ofisa masoko naye huurudisha, meneja hutaka tabasamu liongezwe kidogo, na mwishowe picha hutoka ikiwa safi lakini huoni mkono wa mtu ndani yake. Katika kijitabu hiki hakuna aliyeagiza kitu. Hakuna anayetabasamu ila pale ambapo alikuwa na sababu ya kutabasamu, na vilivyochorwa ni vitu ambavyo hakuna kampuni ingelipia vichorwe: ndoo iliyofungwa kamba mahali pa mpini, kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya baada ya kupasuka, nondo zilizoachwa zichomoze juu ya nyumba ambayo mwenyewe anatafuta kwanza pesa za ghorofa ya pili.

Kila kizazi cha wachoraji wa jiji hili kilikuwa na mlango wake wa kuufikia umma. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi na kuviuza karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo hadi ukabeba jina lake, na kwa sehemu kubwa wanunuzi wake wamekuwa wageni. Kwa wachoraji wa katuni mlango ulikuwa gazeti: Godfrey Mwampembwa, tunayemfahamu zaidi kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na akajulikana Afrika Mashariki nzima kupitia magazeti ya Nation ya Nairobi. Tangu mwaka 2008 ipo pia Nafasi Art Space ya Mikocheni, yenye karakana za wasanii na mahali pa maonyesho. Anayeanza leo hahitaji kumsubiri mhariri wala mtalii, kwa sababu akimaliza kuchora anaweza kuitoa kazi hewani usiku huohuo. Lakini kwenye simu mchoro uliochukua wiki nzima hutazamwa kwa sekunde mbili, tena kwa ukubwa wa kiganja, na chini yake inasubiri video ya mtu anayesukuma chapati. Karatasi, kwa polepole yake, inamlazimisha mtazamaji akae, na michoro ya huyu ni ya kukaliwa.

Kurasa zenye nguvu kuliko zote ni za soko la samaki la Feri. Ametumia kalamu ya wino mweusi, na rangi ya maji ameitia kwa ubahili mkubwa. Mchoro wa mnada umeenea kwenye kurasa mbili zinazotazamana: dalali yuko katikati, wanunuzi wamemzunguka, na karibu nyuso zote zimekatwa na mabega ya waliosimama mbele, hivyo hadithi nzima inasimuliwa na mikono. Mmoja umeinuliwa usawa wa kiuno tu, kidole kimoja kikiwa kimenyooshwa, ili dalali aone bei na jirani asiione. Mwingine umelowa na mwenyewe ameuweka mbali na shati lake. Wa tatu umelishika tenga kwa namna ya mtu ambaye ameshajiona ni mshindi. Rangi pekee kwenye kurasa zote mbili ni buluu iliyokolea ya mgongo wa jodari, na kwa kuwa imetiwa mahali pamoja tu, macho yanaelekea hapo kabla hayajaanza kuzunguka kwenye mikono. Sakafu haikuchorwa kabisa. Kuna madoa machache ya wino uliozimuliwa kwa maji, na aliyewahi kukanyaga pale akiwa na kandambili atautambua utelezi wenyewe.

Mchoro niupendao zaidi, hata hivyo, uko ukurasa wa 19, nao ni wa mama lishe watatu nyuma ya masufuria yao. Wachoraji wengi wakifika kwenye kanga huweka maua na vidoto popote wanapoona uwazi. Huyu ameifuata kanga ilivyo: pindo linazunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wa ndani ya pindo, uko katikati, jina, yaani maneno ya kanga, liko kwenye nafasi yake juu ya pindo la chini, na kitambaa kinapojikunja kiunoni, pindo nalo linajikunja na kupotea ndani kisha linajitokeza upande wa pili mahali linapopaswa kujitokeza. Kwenye kanga mbili nafasi ya jina imeachwa wazi. Kwenye ya tatu imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", na aliyeivaa amewapa wateja mgongo, anahesabu chenji. Mzaha huo hauna maelezo yoyote pembeni, na umefaidika kwa kuachwa hivyo.

Mfululizo wa daladala unafuata. Kwa kuwa amechora akiwa ameketi ndani ya basi, sehemu kubwa ya tunachokiona ni visogo, masikio, kola za mashati na mikono iliyoshika bomba, na kuna ukurasa mmoja wenye visogo kumi na viwili ambao kila kimoja kina mtu wake: mwenye usingizi, mwenye haraka, mwenye kinyozi mpya. Konda yuko mlangoni, nusu ndani nusu nje, noti zikiwa zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole vyake. Michoro ya mabasi yaliyotazamwa kutoka nje ni dhaifu zaidi. Ule mkanda wa rangi unaoonyesha njia ya basi ameutumia vizuri, akiuacha uwe ndiyo rangi peke yake kwenye ukurasa, lakini magurudumu yanamshinda. Gurudumu likitazamwa kwa mshazari hugeuka umbo la yai, na mayai yake yana kona. Katika mchoro wa Coaster iliyosimama kituoni Mbagala, gurudumu la mbele na la nyuma hayakanyagi barabara moja. Ni kasoro inayorekebishika kwa mazoezi ya kuchosha tu ambayo kila mchoraji anayajua, na ningependa kuona ameyafanya kabla hajarudi kwenye mada hii.

Hapo katikati kuna kurasa za nyumba za uswahilini, ambazo zitawapita haraka wale wanaotafuta watu. Wasizipite. Amechora mabati yenye kutu yaliyoshikiliwa na mawe na tairi, tofali zilizopangwa uani zikingoja fundi, waya wa umeme unaotoka nyumba moja kwenda nyingine kwa njia ambayo shirika la umeme lisingeipenda. Mistari ya mabati imepigwa kwa mkono mtupu bila rula, na inapotetemeka kidogo, kutetemeka huko kunayafanya mabati yaonekane yamezeeka. Hapa ndipo nilipoamini kwamba mchoraji huyu atafika mbali, kwa sababu kuchora uso wa kupendeza ni jambo ambalo wengi hulimudu, lakini kumfanya mtu atazame paa la bati kwa muda ni kazi ngumu.

Kuanzia ukurasa wa 35 hadi wa 44 mambo yanabadilika. Kalamu ya wino inawekwa kando, tableti inachukuliwa, na tunapata nyuso za wasichana zenye macho makubwa yanayong'aa, maua kwenye nywele na duara la dhahabu nyuma ya kichwa; halafu twiga wawili mbele ya jua linalozama. Nilipomuuliza, alinijibu bila kujitetea kwamba hiyo ndiyo michoro iliyopendwa zaidi na wanaomfuatilia kwenye simu, na alihofia kuiacha. Hofu hiyo naielewa, kwa maana wanaomfuatilia ndio wateja wake wa kwanza. Lakini ukiviweka vipande hivi viwili vya kijitabu kimoja ubavuni mwa kingine, inakuwa vigumu kuamini kwamba vimetoka kwa mtu mmoja. Tazama tu jinsi anavyoshughulika na ngozi. Kwenye michoro ya Feri, uso wa mzee mvuvi umejengwa kwa mistari mifupi ya kalamu, imesongamana chini ya shavu na kuachana kwenye paji la uso palipopigwa na jua, na ngozi nyeusi inakuwa na mwanga wake yenyewe. Kwenye nyuso za tableti, kahawia ni ileile kutoka kidevuni hadi kwenye nywele, imelainishwa mpaka haina kitundu wala kovu, na mwanga ni doa jeupe lililowekwa kwenye pua kwa kuwa kila mtu huliweka hapo. Mchoro wa namna hii unaweza kuwa umetoka Lagos, Manila au São Paulo. Ule wa mvuvi haukuweza kutoka mahali pengine.

Sisemi kwamba tableti ndiyo yenye kosa, kwani ukurasa wa 41 unanikanusha. Ni picha ya bibi aliyevaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, imechorwa kwa chombo hichohicho, na mchoraji ameacha mistari ya awali ionekane chini ya rangi. Uzi wa miwani umechorwa kwa uangalifu kuliko midomo. Kama angewaondoa wale wasichana wenye maua na kumbakiza bibi, kijitabu kingepungua kurasa nane na kuongezeka uzito.

Maelezo mafupi yameandikwa kwa mwandiko wake, mahali na wakati tu: "Posta, saa kumi na moja, mvua", "Kivukoni, tunangoja pantoni". Yanatosha. Kuna mahali "muda" imeandikwa "mda", jambo ambalo msomaji mmoja wa kirafiki angeligundua kabla ya kuchapa, na pia ukurasa mmoja una shairi la mistari minne ambalo halikuhitajika.

Sasa nije kwenye kijitabu kama kitu cha kushikwa mkononi. Jalada halina jina la kitabu, lina mchoro wa ndoo ya kamba tu juu ya weusi mtupu, na likiwa mezani linavuta macho kutoka mbali. Weusi huo ndio unaolisaliti. Kazi imechapwa kwa mashine ya leza, ambayo wino wake ni unga unaoyeyushwa kwa joto na kukaa juu ya karatasi, hauingii ndani. Mahali palipojaa wino mweusi pakikunjwa, wino hupasuka. Nakala yangu ina mstari mweupe wenye mikwaruzo kwenye uti wa jalada lote, na nakala nyingine nilizozifungua mezani zilikuwa vivyo hivyo. Jalada lingefunikwa kwa plastiki laini isiyong'aa, au uti ungeachwa bila wino, tatizo lingekwisha.

Kurasa zimefungwa kwa pini mbili katikati, uamuzi wa busara kwa mtu anayechapa nakala chache, kwa kuwa ni rahisi na kijitabu hufunguka vizuri kuliko kilichobandikwa kwa gundi. Lakini kurasa 48 ni karatasi kumi na mbili zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine, na kwa karatasi nene ya gramu 150 kwa mita ya mraba zile za ndani husukumwa nje. Zinapokatwa ukingo ili zilingane, kurasa za katikati hubaki nyembamba kuliko za mwanzo na mwisho. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: namba ya ukurasa wa 6 ina nafasi ya kutosha pembeni, ya ukurasa wa 24 inakaribia kuanguka. Karatasi ya gramu 100 au 120 ingeupunguza usumbufu huo na gharama pia. Mchoro wa mnada nao umeathirika kwa namna yake. Dalali, ambaye ndiye kiini cha kurasa zile mbili, amewekwa kwenye mkunjo wenyewe, na pua yake na nusu ya mdomo uliofunguliwa zimezama ndani. Inabidi ukibonyeze kijitabu kwa kiganja ili umwone anavyoita bei. Kumsogeza sentimita mbili kushoto kungetosha.

Kuhusu rangi, anayekuja akiwa ameiona michoro kwenye simu atashtuka kidogo kwenye kurasa za bahari. Kioo cha simu hutoa rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi. Rangi ya feruzi iliyokolea, ile ya maji ya Kigamboni saa sita mchana, ni mojawapo. Kwenye simu inawaka. Kwenye karatasi imekuwa ya ubaridi, inaelekea kijivu. Mchoraji anaweza kuliona jambo hili mapema kwa kuligeuza faili kuwa la rangi za uchapaji kabla ya kulipeleka dukani, kisha kudai ukurasa mmoja wa majaribio na kuutazama nje kwenye mwanga wa mchana. Cha kushangaza ni kwamba michoro yenye rangi chache, yaani ile iliyo bora, haikuathirika hata kidogo. Wino mweusi umetoka safi na mistari myembamba haikukatika.

Printi za A4 zimechapwa kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, na ile ya mama lishe niliyoichukua imetoka vizuri. Ukubwa wenyewe ni faida kwa mnunuzi, kwa sababu fremu za A4 hupatikana tayari madukani na hakuna haja ya kumtafuta fundi. Tatizo ni kwamba mchoro umeenea hadi ukingoni mwa karatasi bila kuachiwa pambizo nyeupe, na sahihi ya penseli pamoja na namba ya nakala viko chini kabisa, upande wa kulia. Fremu ya kawaida hufunika milimita kadhaa kila upande, kwa hiyo ukiitia tu, sahihi inapotea na kidole gumba cha mama wa tatu kinakwenda nayo. Pambizo ya sentimita mbili ingeiokoa sahihi na kuupa mchoro nafasi ya kupumua.

Namba za nakala nazo zinahitaji utaratibu. Printi yangu ya A4 imeandikwa kuwa ni ya toleo la nakala 50, ya A3 ni ya toleo la nakala 30, na mchoro ule ule umo pia kwenye kadi zisizo na namba. Si kosa, mradi mnunuzi aambiwe waziwazi, maana anayelipia namba analipia ahadi kwamba nakala hazitaongezwa. Karatasi ndogo ya uthibitisho inayosema mchoro umetolewa kwa ukubwa upi na kwa idadi gani ingemaliza maswali, na kuiandaa hakuna gharama ya maana.

Printi ya A3 ndiyo ninayomshauri msomaji aiache kwa sasa. Imechapwa kwenye karatasi ya picha inayong'aa, hivyo ukisimama mbele yake sebuleni unajiona mwenyewe na taa yako kabla hujaona mchoro. Wino uliotumika, kama mchoraji alivyoeleza kwa uaminifu nilipouliza, ni ule wa kawaida wa rangi iliyoyeyushwa, ambao hupauka kwa mwanga mapema kuliko wino wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo zisizoyeyuka. Katika mji ambao jua huingia dirishani kuanzia saa moja asubuhi, tofauti hiyo ina uzito. Aliyekwisha kuinunua aitundike ukuta usiopigwa na jua, nyuma ya kioo. Pia ilikabidhiwa ikiwa imezungushwa na kubanwa kwa mpira, na imegoma kunyooka. A4, iliyowekwa katikati ya vipande viwili vya kadibodi, ilifika ikiwa imenyooka kabisa. Kwa shilingi 60,000 mnunuzi ana haki ya kupewa bomba gumu la karatasi.

Bei kwa jumla naziona ni za haki. Wapo waliosimama mezani wakalalamika kwamba shilingi 20,000 ni nyingi kwa kijitabu chembamba, wakikilinganisha na vitabu vya madukani, lakini anayechapa nakala chache kwa leza hulipa kwa kila ukurasa, na hapati unafuu anaoupata mchapishaji wa maelfu ya nakala kwenye mashine ya ofseti. Juu ya hapo kuna karatasi, ukataji, meza ya soko na mapato ya mtu anayechora usiku baada ya kazi. Kadi za shilingi 3,000 ndizo zilizonishangaza kwa wema wake. Karibu zote zina michoro ya vitu peke yake, ndoo, kiti cha waya, birika la kahawa, tenga, nyuma zimeachwa wazi kwa ajili ya kuandika, na karatasi yake inakubali wino wa kalamu ya kawaida bila kusambaa. Malipo hufanywa kwa simu au taslimu. Kwa wa Dar es Salaam mzigo huletwa na bodaboda, na kwa wa mikoani hutumwa kwa basi, mnunuzi akilipia usafiri mwenyewe.

Jambo moja zaidi linawahusu wanunuzi na mchoraji kwa pamoja. Nikiwa pale mezani mtu mmoja aliuliza kama akinunua printi anaweza kuiweka kwenye fulana za duka lake. Jibu ni hapana, na mchoraji angepaswa kulisema kwa sauti kubwa zaidi kuliko alivyolisema. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kuizalisha kazi hubaki kwa aliyeichora katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufariki kwake, na haki hiyo huzaliwa kazi inapofanyika, bila sharti la kusajiliwa, ingawa kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, humpa mwenye kazi ushahidi pakitokea mgogoro. Anayenunua printi ananunua karatasi ile. Anayetaka fulana azungumzie leseni na bei yake. Mchoraji, kwa kuogopa wizi, amekuwa akipitisha jina lake la kazi kwa herufi kubwa katikati ya kila mchoro anaoutoa kwenye simu, na kwenye ule wa mnada herufi hizo zimepita juu ya mikono yote niliyoisifu hapo juu. Ni afadhali atoe picha ndogo ambayo ikichapwa haitakuwa na ubora wowote, aweke jina pembeni, na kuwaachia watu waione mikono.

Kwa anayetaka kutoa zawadi, kijitabu pamoja na kadi nne au tano ni furushi zuri, hasa kwa mtu wa Dar es Salaam anayeishi mbali ambaye hahitaji kuonyeshwa twiga. Kwa ukutani, chagua A4 ya mama lishe au ya mabati, na umwambie fundi fremu aiweke juu ya karatasi pana zaidi ili sahihi isifunikwe. Mchoro wa mnada haukuwekwa kabisa miongoni mwa printi, jambo lisiloeleweka kwa kuwa ndio unaowasimamisha watu mezani. Nilimuuliza sababu, akasema aliona una mikono mingi mno kwa ukuta wa mtu. Baada ya mazungumzo amekubali kuuchapa kwa A4, wenye pambizo, pamoja na toleo la pili la kijitabu, nakala za sasa zikiisha.